Bibi Giza wa Ofisi ya Mbegu

Jina la ofisi yetu silitaji, maana pensheni yake ndiyo inayonilisha hadi leo. Inatosha kusema ilikuwa ofisi ya serikali hapa Multan, ikitoa leseni kwa wauza mbegu za pamba, na ilikuwa na mapangaboi mengi kuliko makarani. Mimi, Allah Wasaya, nilikaa masjala, mlango wa kwanza kulia, kwa hiyo hakuna aliyeingia wala kutoka bila mimi kumwona. Nilikuwa wa kwanza kumwona Tehmina Khosa siku aliyoripoti kazini, na wa kwanza kumchukia.

Alikuja kwa uhamisho kutoka Dera Ghazi Khan. Binti mrefu, miaka thelathini na kidogo, sauti nzito yenye mikwaruzo, na mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Alikuwa na stashahada ya umeme. Kule alikotoka hawakujua wamfanyie nini mwanamke mwenye stashahada ya umeme, wakatuletea sisi. Sisi nasi hatukujua, tukampa meza karibu na choo.

Kiangazi kilipopamba moto ukaja waraka kutoka makao makuu ya mkoa, Lahore. Kila ofisi ya serikali ipunguze matumizi ya umeme, na kila ofisi iteue msimamizi wa nishati. Mkurugenzi wetu, Sibtain sahib, alitusomea waraka huo mkutanoni huku macho yake yakitafuta wa kumtwisha. Sote tukaanza kuangalia viatu vyetu. Kazi ya kuwazimia wakubwa viyoyozi nani aitake? Tehmina peke yake akanyoosha mkono.

"Nitaifanya mimi, sahib."

Mkurugenzi akashusha pumzi. Sisi tukacheka chini kwa chini, tukijua atachoka kabla ya embe za kwanza kuingia sokoni.

Hakuchoka. Alianza na mabirika. Kila chumba kilikuwa na birika lake la umeme, na vyumba vingine vilikuwa nayo mawili, la wakubwa na la wadogo. Akapita na kapu la nguo, akayakusanya yote, akayafungia stoo, kisha akaweka jiko moja la gesi na birika moja kubwa barazani. Ukitaka chai, toka ukainywe na wenzako. Karani wa mishahara, ambaye bila chai ya kila nusu saa hesabu hazimkubali, alimvaa palepale.

"Binti, hata Waingereza hawakutunyang'anya chai!"

"Waingereza ndio waliowazoesha, ami," akamjibu. "Mimi nimeisogeza tu barazani."

Kisha akamgeukia Mkurugenzi mwenyewe. Sibtain sahib alikuwa na mtindo wa kuwasha kiyoyozi mpaka chumba kiwe na baridi ya milima ya Murree, halafu anafungua dirisha ili moshi wa sigara yake utoke. Tehmina aliingia, akafunga dirisha, akapandisha kiyoyozi hadi nyuzi ishirini na sita, akasema kwa ile sauti yake inayovuka kuta, "Sigara ni yako, sahib, lakini huu ubaridi ni wa wananchi." Tulisikia ofisi nzima. Tukakaa kungoja afungashiwe virago vyake arudi kwao. Lakini bili iliyofuata ilikuwa imeshuka kweli, Mkurugenzi akapigiwa simu ya pongezi kutoka Lahore, na tangu siku hiyo akaanza kusema "mradi wangu."

Sisi tukambatiza Bibi Giza. Asubuhi baada ya watu kuketi, na jioni kabla ya kufunga, tulisikia kandambili zake zikija, pwa, pwa, pwa, akichungulia chumba baada ya chumba. Akikuta chumba kitupu, taa inazimwa, pangaboi linazimwa, anapita. Siku moja nilimwuliza, nami sikuuliza kwa wema.

"Hivi binti, pangaboi la serikali linakuwasha nini?"

"Ami, umeme ni uleule mmoja. Likizunguka hapa juu ya kiti kitupu, kuna mtaa mahali fulani umekatiwa."

"Mtaa gani? Nionyeshe."

"Sijui. Ila upo."

Nikamwambia kama anataka kuhubiri msikiti uko kona ya pili, na mimbari haimngoji yeye. Akacheka, akazima taa ya kabati langu la faili, akaondoka.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kila karani anazaliwa nalo. Karani akitoka kidogo, huacha kizibao chake mgongoni mwa kiti, faili wazi mezani, na pangaboi likizunguka. Hapo yupo kitini. Anaweza kuwa yuko mnadani, kwa kinyozi, au ukweni, lakini kwa adabu za ofisi yupo kitini. Mgeni akichungulia akaona kizibao kinapepea na karatasi zinachezacheza, anakaa kwenye benchi na kusubiri hadi alasiri bila kunung'unika, kwa sababu mtu yupo. Ila pangaboi likisimama, mambo yamekwisha. Karani ameondoka, na mgeni ana haki ya kwenda kwa mkubwa na kupiga kelele.

Ghulam Yasin, karani wetu wa leseni, alikuwa kitini namna hiyo kila siku kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Kizibao chake cheusi kilifanya kazi kuliko makarani wengine wenye miili. Yeye alikuwa anapenya ukuta wa nyuma, penye tofali zilizobomoka, anakwenda nyumbani kwa mkewe Sakina, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Binti yao wa pekee aliolewa Karachi. Saa tisa Yasin anarudi, shati limemganda mgongoni, anaketi, anafanya kazi mpaka giza, na leseni zake hazikuwahi kulala. Alikuwa amebakiza mwaka tu astaafu. Tarishi alijua, mlinzi alijua, sote tulijua. Mkurugenzi hakujua kwa sababu saa hizo alikuwa anasinzia. Tehmina hakujua kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza na Bibi Giza zaidi ya salamu. Lile birika lilikuwa limetukaa kooni.

Ikaja habari kwamba ofisi itakayookoa umeme mwingi zaidi mkoa mzima itapewa ngao. Sibtain sahib akaitamani ngao hiyo kama mtoto anavyotamani pipi. Alhamisi asubuhi akamwita Tehmina: kuanzia leo, mzunguko na mchana pia. Tulipata habari tukiwa tayari tunasikia kandambili.

Alichungulia chumba cha leseni. Akaona kiti, kizibao, faili, na pangaboi linalozunguka peke yake. Akazima. Kwenye benchi la nje alikuwepo muuza mbegu kutoka Shujabad, amesubiri tangu saa sita kwa utulivu. Aliona kizibao kinalegea, karatasi zinalala. Akasimama, akakung'uta vumbi, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Mkurugenzi. Nilimsikia akisema, "Karani wenu ameshaondoka, wamemzimia pangaboi! Mimi nimetoka Shujabad na jua hili!"

Saa tisa Yasin alipopenya tundu lake na kuingia chumbani, alimkuta Sibtain sahib ameketi kwenye kiti chake, ameegemea kizibao chake, na pangaboi amelirudisha.

"Ulikuwa wapi, Yasin?"

"Nyumbani, sahib."

"Kufanya nini nyumbani saa za serikali?"

 Mimi niliyesimama mlangoni nikamkonyeza, nikamtolea macho, sema, mzee, sema! Hakusema. Jumatatu afike mbele ya kamati ya nidhamu, Mkurugenzi akaagiza, na mimi niandae barua ya kumsimamisha kazi. Karani anayefukuzwa kwa utoro kwetu haondoki na pensheni, anaondoka na kizibao chake tu. Nilimfuata uani nikamshika mkono.

"Kwa nini hukumwambia habari za Sakina? Angekuelewa!"

"Mke wangu si faili, Wasaya," akasema. "Siwezi kumfungua mezani kwa watu."

Nilirudi ndani nikiwa nachemka. Tehmina alikuwa barazani anaosha vikombe vya wote, na hilo likazidi kunipandisha hasira.

"Umefurahi sasa? Umemmwagia mzee wa watu unga wake!"

Akageuka, mikono ina povu. "Nimefanya nini?"

Nikampa vidonge vyake vyote. Nikamweleza kizibao, nikamweleza tundu la ukuta, nikamweleza Sakina anayegeuzwa kitandani kama mtoto mchanga. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalijaa, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Na nyie wote mlijua."

"Tulijua."

"Na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia, Tehmina, chumba kile kipite?"

"Tukuambie wewe? Wewe uliyetufungia mabirika stoo?"

Akafuta mikono kwenye mtandio. "Nipeleke kwake, ami," akasema.

Binti haendi hivihivi nyumbani kwa mwanamume, kwa hiyo Jumapili nilimchukua na mke wangu Hamida, tukaenda watatu. Ilikuwa saa sita na ushei, jua la kukausha mate mdomoni. Nyumba ya Yasin iko nyuma ya soko la ngozi, chumba kimoja na uwanja mdogo wa matofali. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na nilichukua muda kuelewa ni ukimya gani ule. Hapakuwa na redio wala mashine ya kusaga, wala pangaboi hata moja linalonguruma. Ulikuwa mgao wa umeme. Jirani aliyekaa kivulini na miguu yake ndani ya beseni la maji alituambia mtaa wao hukatiwa kila siku ya kiangazi, saa sita hadi saa tisa.

Mlango ulikuwa wazi. Sakina alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa vizuri, uso umelegea upande mmoja. Juu yake pangaboi lilikuwa limesimama. Yasin alikuwa kwenye kigoda pembeni, amechovya kitambaa kwenye ndoo akakitandaza miguuni mwa mkewe, na kwa mkono mwingine anampepea kwa kipepeo cha ukindu. Alipepea bila kuacha, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuzoea kwamba mkono wake hauna ruhusa ya kuchoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mchana. Miaka yote ile nilijua anakwenda kumlisha na kumgeuza. Kwamba anakwenda kuwa upepo wake, hilo sikulijua.

Akatuona. Alimwangalia Tehmina.

"Umekuja kuzima na huku?" akamwuliza. "Pole, binti. Huku wamekutangulia."

  Tehmina alivua kandambili mlangoni, akaingia, akachuchumaa karibu na kigoda.

"Nipe mimi, baba. Nenda ukale."

"Sijaomba msaada."

"Najua. Nipe."

Sakina akasema kitu kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Mimi sikuelewa, ila Yasin alielewa.

"Anauliza huyu ni nani."

"Mwambie ukweli," Tehmina akasema.

Yasin akafikiri kidogo. "Ni mtu wa ofisini," akamwambia mkewe. "Kazi yake kuzima mataa."

Sakina akatutazama sote mmoja mmoja, kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Yasin alimwangalia kana kwamba kuna mtu amemletea mkewe kutoka safari ndefu, na kipepeo kikamtoka mkononi. Tehmina akakiokota. Tulikaa mpaka saa tisa umeme uliporudi, Hamida akapika dengu na mkate, Yasin akala chakula cha mchana akiwa ameketi. Hamida aliniambia njiani kwamba mzee yule alilia kwenye sahani yake, mimi sikuona.

Jumatatu kamati iliketi ofisini kwa Mkurugenzi. Mimi niliitwa kuandika. Sibtain sahib alimwita Tehmina kama shahidi wake, akiwa na uhakika wote duniani.

"Alhamisi mchana ulizima pangaboi la Yasin. Kiti kilikuwa kitupu?"

Nilimkazia macho. Neno moja tu, binti, sema alikuwa chooni.

"Kilikuwa kitupu, sahib."

Nilimlaani kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua. Yasin hakuinua kichwa.

"Basi ni mtoro," Mkurugenzi akasema. "Wasaya, andika."

"Andika pia viti vingine, ami," Tehmina akasema. "Sahib, saa sita hadi saa tisa hakuna mgeni anayekuja kwa hiari na jua hili. Nusu ya makarani wanalala juu ya faili, na ndizo saa tunazokula umeme kuliko saa zote. Tukitaka ngao, tunahangaika na swichi za nini? Tufunge ofisi yenyewe. Tufungue baada ya swala ya alfajiri, tufunge saa sita. Waraka unaruhusu kila ofisi ipange saa zake za kiangazi, nimeusoma."

"Saa za kazi zitapungua."

"Zitakazopungua ni za chai na soga."

Karani wa mishahara, aliyekuwa mjumbe wa kamati, akakohoa. Sibtain sahib akasugua kidevu.

"Na ofisi nyingine zinafanya hivyo?"

"Hakuna hata moja, sahib. Utakuwa wa kwanza."

Niliona kitu kinawaka usoni mwake. Akauliza kama bili inaweza kushuka tena. Akaambiwa inaweza. Akauliza kama ngao huwa na jina la ofisi au la mkurugenzi. Mwisho akakumbuka kwamba mbele yake ameketi mzee mwenye kichwa chini.

"Na huyu je?"

"Huyu," Tehmina akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka, "mtaa wao hukatiwa umeme hizo saa tatu, na ana mgonjwa asiyeweza kujipepea. Sitasema zaidi, sahib, yeye mwenyewe hapendi. Ila ukifunga saa sita, hutamkuta tena na kosa hili."

 Kiyoyozi kilinguruma kwenye nyuzi zake ishirini na sita. Sibtain sahib si mtu mbaya, ni mkubwa tu. Hakumsamehe Yasin kwa maneno, na hakumwambia pole. Aliivuta barua niliyoandika, akaikunja, akaitia kwenye droo, akasema kikao kimefungwa na nimwandalie tangazo la saa mpya, jina lake liwe kubwa.

Ngao tuliikosa. Ilikwenda ofisi ya Bahawalpur, na Mkurugenzi alinuna wiki nzima. Saa mpya zilibaki. Makarani walilalamika kuamshwa na jogoo, kisha wakagundua raha ya kulala mchana majumbani mwao kwa halali. Yasin alistaafu mwaka uliofuata na pensheni yake yote.

Tehmina aliendelea kwenda nyuma ya soko la ngozi. Mara nyingine na shangazi yake, mara nyingine na Hamida, na majirani wakazoea, wakawa wanamwita binti wa Sakina. Alimpa Yasin saa tatu za kulala uwanjani, jambo ambalo mzee yule hakuwa amelipata kwa miaka mingi, na yeye akakaa kwenye kigoda. Alikuwa akimwambia Sakina umbea wote wa ofisi, pamoja na wangu, nina hakika. Sakina alikuwa na mkono mmoja mzima, wa kushoto, na kwa kadiri tulivyojua ulikuwa na nguvu za kushika kijiko tu.

Mwezi wa saba, siku ya joto ambalo hata nzi walikuwa wamekata tamaa, nilimfuata Hamida kule na tikiti maji begani. Uwanjani Yasin alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi. Hamida naye alikuwa amejinyoosha kivulini. Nikasogea mlangoni, nikawa karibu kuita hodi.

Tehmina alikuwa amelala. Usingizi ulimkamata palepale kwenye kigoda, kichwa chake kimeangukia ukingoni mwa kitanda, mtandio umemteleza, jasho limemlowesha shingo. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kufungua ofisi, kama kila siku. Na Sakina, uso wake umekunjamana kwa bidii, alikuwa ameshika kipepeo kwa ule mkono wa kijiko. Anakiinua kidogo, anakishusha. Anapumzika. Anakiinua tena. Upepo wake ulikuwa mdogo sana, lakini nywele za Tehmina zilizotoka kwenye mtandio zilikuwa zinacheza.

Aliponiona hakuacha kupepea. Alinikazia jicho moja kali, akalishusha hadi kwenye tikiti, kisha sakafuni. Nililiweka chini polepole, nikakaa kizingitini, nikangoja binti aamke mwenyewe.